Datsun za zamani: L20, L20A na L20B niziandikeje kwenye orodha?

Mtunza_Daftari:
Wakuu habari zenu. Natengeneza orodha ya injini za Datsun za zamani kwenye Excel: 1600SSS, 160J, 180B, 200B na 240Z. Safu ya "aina ya injini" imenishinda. Wengine wameandika L20, wengine L20B, wengine "2000" tu, na kuna fundi anasema zote ni kitu kimoja. Halafu bloku zilizochongwa silinda, niandike cc za kiwandani au za sasa?

BlokuTupu:
Si kitu kimoja mkuu. Kwenye familia ya L (injini za Datsun ambazo jina lake huanza na L), namba inataja ujazo, 16 ni kama lita 1.6: L16 ni cc 1595, L18 ni 1770, L24 ni 2393, L28 ni 2753. Kasoro yake ni kwamba haikuambii silinda ni ngapi. L20 na toleo lake la baadaye, L20A, ni silinda 6, kipenyo mm 78 na mwendo wa pistoni mm 69.7, cc 1998. L20B ni silinda 4, 85 × 86, cc 1952. Usidhani B ilizaliwa na A.

Ukiandika "L20" kwenye 200B, atakayeagiza taimingi cheni (mnyororo unaozungusha kemshafti) kwa orodha yako ataletewa ya injini nyingine. Hata cheni ya L16 au L18 haitamfaa, maana bloku ya L20B imepanda juu kwa karibu mm 20 zaidi.

Herufi za mwisho nazo usizidondoshe: L28E inatumia nozeli badala ya kabureta, L28ET ina turbo juu yake.

Veniya85:
Naongezea. Gawanya hiyo safu: (1) maandishi yaliyogongwa kwenye bloku, herufi kwa herufi, (2) silinda, (3) kipenyo na mwendo vilivyopimwa, (4) namba ya silinda hedi (kifuniko cha juu ya bloku), mfano E31, E88, N42, P90, (5) namba ya chesisi. Hedi ipewe safu yake kabisa, kwa sababu hedi za L24, L26 na L28 zinahamishika, na N42 peke yake haithibitishi kwamba chini kuna L28.

Maandishi ya bloku yako upande wa kulia, upande wa plagi, chini kidogo ya hedi. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini, paka chaki, futa juu, kisha piga picha taa ikiwa ubavuni. Usitumie msasa, unakula tarakimu.

Cc andika zote mbili. L16 iliyochongwa kutoka 83 hadi 84 inafika 1634, lakini jina linabaki L16.

Mtunza_Daftari:
Shukrani wakuu. Mwendo wa pistoni naweza kupima kwa kuingiza waya tundu la plagi?

BlokuTupu:
Hapana. Kwenye L plagi imekaa kiubavu, waya unaingia mshazari na kipimo kinadanganya. Subiri hedi ikifunguliwa, pima kina pistoni ikiwa chini kabisa, toa kile cha juu kabisa. Ukipata 73.7 ni L16 au L24, hesabu silinda: 4 ni L16, 6 ni L24. Ikiwa 79 ni L26 au L28, basi angalia kipenyo: 83 ni L26, 86 ni L28.

Veniya85:
Na 240Z ya usukani wa kulia chesisi yake inaanza na HS30. Ikiwa S30 tupu, hiyo ni Fairlady Z (jina la gari hilo huko Japani) ya lita 2 ya soko la Japani. Ukikuta ina L24, andika "imebadilishwa".