Saiti mira (vioo vya pembeni) za Pijo (Peugeot) 504 ya mwaka 1970: nitajuaje ipi ni og, yaani halisi ya kiwandani?

Mrithi_wa_Pijo:
Wakuu, heshima kwenu.

Mzee alituachia Pijo 504 saluni, usukani wa kulia, kadi inasema 1970. Limekaa chini ya mwembe huku Tanga miaka kumi na kitu, kuku wametagia siti ya nyuma. Sasa nalirudisha barabarani, na nataka liwe kama lilivyotoka kiwandani Sochaux, Ufaransa, sitaki mambo ya kuungaunga.

Injini siyo tatizo, fundi kasafisha kabureta likanguruma. Tatizo ni saiti mira. Mlango wa kulia una ya kromu, shingo fupi, kromu yenyewe imetoka malengelenge. Wa kushoto una nyeusi ya plastiki. Mtoto mdogo tu anajua hizi si ndugu. Kuna muuza spea Dar ana jozi ya chuma inayong'aa kama sufuria ya harusi, anaapa ni "og toka Ufaransa", laki tatu na themanini. Niliigeuza moja, mgongoni kuna kiboksi chenye e ndogo na namba 2.

Nichukue au ananiingiza mjini?

Chuma_Chakavu:
Laki tatu na themanini kwa vioo? Hiyo ni mbuzi wawili mkuu.

FundiBodi_Moro:
Usinunue kwanza. Gari lenyewe ndilo shahidi wako.

Fungua kava la ndani la milango yote miwili, uwe na tochi. Tazama matundu ya skrubu kwa ndani. Tundu la kiwandani limekatwa kabla ya rangi, kwa hiyo ukingo wake ni laini na rangi ya kwanza ya gari imeingia mpaka ndani ya tundu. Tundu la drili ya mtaani lina meno, bati liko uchi au limekula kutu kulizunguka, na mara nyingi vumbi la chuma bado limelala chini kabisa ya mlango, karibu na vitundu vya kutolea maji. Pitisha na sumaku kwa nje pia. Ikigoma kushika sehemu moja, hapo kuna pati (ile ya kuzibia bodi), huenda wameziba tundu la zamani.

Hiyo kazi ni nusu saa na bisibisi tu, haina gharama.

Simba_wa_Sochaux:
Nyongeza kuhusu hicho kiboksi. e ndogo ndani ya pembe nne ni alama ya kibali cha Jumuiya ya Ulaya, na 2 maana yake kibali kilitolewa Ufaransa (1 ni Ujerumani, 3 Italia). Kwa hiyo huenda jamaa hakudanganya kuhusu Ufaransa, ingawa kibali peke yake hakisemi kimetengenezwa wapi. Ila agizo la Ulaya kuhusu vioo vya magari limetoka Machi 1971. Gari la 1970 haliwezi kutoka kiwandani na kioo chenye alama hiyo. Hivyo vioo ni vya baadaye, hata kama vimetengenezwa vizuri kiasi gani.

Usije ukageuza hoja kichwa chini lakini: kioo kisicho na alama si lazima kiwe cha zamani. Kopi nyingi hazina alama yoyote.

Halafu hakikisha mwaka. Kadi zetu mara nyingi zinaandika mwaka wa kusajiliwa. 504 ilitambulishwa Septemba 1968, kwa hiyo la kwako linaweza kuwa la 1969 likasubiri meli na bandari. Makumbusho ya Peugeot pale Sochaux wanatoa hati ya tarehe ukiwapa namba ya chesisi. Hiyo itakupa tarehe tu, haitakuambia habari ya vioo.

Nairobi_404:
Habari zenu majirani. Huku Kenya kosa hili tunalifanya kila siku. Saluni ya 504 Ufaransa waliiacha 1983, lakini sisi 504 iliendelea kuunganishwa hapa mpaka miaka ya 2000. Kwa hivyo spea halisi za Peugeot zilijaa madukani miaka mingi, na ni halisi kweli, ila si za gari la 1970. Og ya Pijo ni kitu kimoja, og ya gari lako ni kingine. Hiyo nyeusi ya plastiki nashuku ilitoka huku.

Na usiitupe hiyo yenye malengelenge! Hayo ni dalili ya aloi ya zinki iliyopakwa kromu, kazi ya zamani. Chuma cha pua hakitoki malengelenge.

Dereva_Mstaafu:
Tafuteni picha za Safari Rally ya 1975, Ove Andersson alishinda na 504. Mtaona vioo vyake.

Simba_wa_Sochaux:
Mzee wangu shikamoo, lakini gari la mashindano halifai kuwa kielelezo, lile lilifungwa kila kitu cha ziada. Vipeperushi vya Ufaransa navyo vina mtego: usukani wao uko kushoto. Enzi zile magari mengi yalitoka na kioo kimoja tu, upande wa dereva. Kwetu huo ni upande wa kulia. Picha za familia ndizo dhahabu.

Mrithi_wa_Pijo:
Mrejesho wakuu.

Kulia: matundu laini, rangi ya krimu ya kwanza imeingia ndani, ingawa gari leo ni bluu. Kushoto: meno matupu, na unga wa chuma nimeukuta kweli chini ya mlango, FundiBodi ubarikiwe. Picha ya harusi ya shangazi, 1974, gari linaonekana kwa upande wa kushoto, mlango mtupu kabisa.

Kwa hiyo muuza spea nimemwaga. Cha kulia nakisafisha tu. Cha kushoto nakitoa, naziba tundu.

Chuma_Chakavu:
Uzibe? Na bodaboda wanaopita kushoto utawaona kwa maombi?

Mrithi_wa_Pijo:
Hahaa. Nimemuuliza mama jana usiku. Kasema mzee alikinunua Mombasa mwaka 1986, siku aliyokwenda kunichukua mimi na yeye hospitali, kwa sababu aliogopa kugongwa na mtoto mchanga ndani. Kasema nikikitoa nimpelekee, asije akakiona jalalani.

Bado kipo mlangoni.