CAM inagoma kwa bodi ya risiva, naombeni msaada

fundi_section58 (Nakuru): Wadau mko aje. Nina bodi ndogo ya risiva ya DVB-T2 (TV ya kidijitali ya antena) inayotumia Linux, ilikuja na nafasi ya CAM (ile moduli ya kufungua chaneli za kulipia) lakini soketi haikuwa imechomelewa, nikaweka ya pini 68 mwenyewe na drava (programu ya kuiendesha) nikaiandika nikifuata mchoro. Chaneli za bure zinashika poa. Nikichomeka CAM tu, logi inasema kadi si halali na inaachia hapo. CAM hiyo hiyo kwa TV ya jirani inafanya kazi bila shida. Volti 5 nimepima pini 17 na 51, zipo. Wiki mbili sasa na mwenye bodi anapiga simu kila siku. Hii ni soketi ama ni drava?

Kondele_elektroniki: Pole sana. Pini 36 na 67 ndizo zinaambia bodi kwamba CAM imeingia, na kwa vile logi inalalamika, basi hizo ziko sawa. Mimi ningeangalia pini 61, hiyo REG, laini inayochagua kumbukumbu ya kusoma. Drava ikisoma CIS (data ya CAM inayojitambulisha kwa bodi) lazima REG ishuke chini, ikibaki juu unasoma kumbukumbu ingine kabisa. Pitisha sodari tena upande huo, hizo pini ziko karibu sana.

fundi_section58: Nimepitisha, REG inashuka vizuri. Nikatoa CIS yote kwa skrini: baiti ya kwanza ni 1d, ya pili 00, halafu takataka. Chini kidogo kuna herufi D, B, C zimefuatana.

Lurambi_TS: Bana, hiyo D, B, C ndiyo jibu lako! Hapo panafaa kuandikwa DVB_CI, wewe unaruka herufi moja katikati kila mara. Baiti za CIS hukaa kwa anwani za namba shufwa pekee: 0, 2, 4, 6. Msimbo wa CI (kiwango cha hiyo nafasi ya CAM) ulio ndani ya Linux tayari unaongeza mbili mbili, sasa angalia kama fankisheni yako ya kusoma pia inazidisha anwani kwa mbili. Kama ni hivyo unasoma 0, 4, 8, na ndio maana 1d inatoka sawa, sifuri mara mbili ni sifuri tu. Soketi yako haina makosa, usiibandue.

fundi_section58: Aki asante!! Nilikuwa nimezidisha kweli, nimetoa mstari mmoja na sasa naona DVB_CI_V1.00 yote, na CAM imeamka. Chaneli ya kulipia imefunguka na kadi ya mteja. Lakini nikitoa CAM, hata zile za bure zinakuwa nyeusi.

Lurambi_TS: Hiyo ni kawaida kwa CI, mkondo wote wa TS (data ya picha na sauti za chaneli) unaingia kwa CAM na kutokea upande ule mwingine, kwa hivyo ikitoka njia imekatika. Lazima bodi iwe na swichi ya kuupitisha kando wakati pini 36 na 67 zinaonyesha pako wazi. Na tafadhali kabla umrudishie mwenyewe, pima laini zinazotoka kwa CAM kurudi kwa prosesa: CAM ni ya volti 5, prosesa nyingi zinataka 3.3. Kama hakuna bafa (chipu ya kukinga prosesa) katikati weka 74LVC245, inavumilia 5 kwa upande wa kuingia. Niliwahi kuunguza bodi ya mteja hivyo na bado inaniuma.

fundi_section58: Bafa iko. Swichi ya TS naona kwa mchoro lakini drava yangu haiirudishi CAM ikitoka, kesho asubuhi naanza na hiyo.