Tangi la kwanza la samaki Mbeya: goldifishi, gapi au mbuna wa Ziwa Nyasa?

UyoleMpole
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuweka tangi la samaki sebuleni, watoto wamenisumbua vya kutosha. Fundi vioo wa Mwanjelwa amekubali kunitengenezea la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Bado sijaamua kati ya goldifishi, gapi (wale samaki wadogo wenye mkia wa rangi) na wale mbuna wa rangi wa Ziwa Nyasa. Bajeti ni ndogo, na umeme mnaujua wenyewe. Nichukue wepi?

KyelaKwetu
Mbuna! Ziwa letu, samaki wetu, wazungu wanawafuga makwao kwa gharama halafu sisi tuhangaike na samaki asili yake Uchina? Huku kwetu hita hatuijui, maji ya tangi yanapata joto yenyewe.

MamaKihesa
Kaka wa Kyela, usimpotoshe mwenzako. Kyela iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Uyole inazidi 1,700. Mbuna anataka nyuzi 24 mpaka 28, na maji magumu, yaani yenye madini mengi, ya pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.7 hadi 8.6. Julai hii atayatoa wapi bila hita? Hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku inakula uniti 1.2, yaani 36 kwa mwezi. Kama nyumba yako ipo kwenye tarifa ya umeme nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ndiyo umeiaga hiyo.

Halafu wale ni wagomvi. Dume akishashika jiwe lake, anayekatiza hapo anaumia. Tangi lako ni lita 54 likijaa pomoni. Mbuna wanataka walau mara tatu ya hapo. Chukua goldifishi, baridi hawaiogopi.

NjombeBaridi
Dada, baridi sawa, ukubwa je? Goldifishi wa kawaida anapita sentimita 20 akikua, anakula sana na kuchafua sana. Kwenye lita 54 ni mateso, na lile bakuli la duara la kwenye filamu ndiyo usiseme. Kwa tangi hilo mimi ni gapi tu. Weka hita kwenye nyuzi 23, funika juu, nyuma na pembeni bandika lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV. Hita itapumzika muda mrefu. Nunua madume matupu. Jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na akishapandwa anatunza mbegu kwa miezi, kwa hiyo hata ukimtenga ataendelea kuzaa.

Pampu ya hewa usiiache. Huku juu hewa ni nyepesi: kwa joto lilelile, maji yetu yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar.

MamaKihesa
Haya, kwa ukubwa umenishinda. Gapi.

Ila mgeni, tangi likifika usikimbilie kununua samaki kesho yake. Hapo ndipo wengi wanapozika. Kinyesi na chakula kilichobaki vinageuka amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitreti, ambayo ina nafuu na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hao bakteria wanaishi kwenye sponji ya filta na changarawe, na huchukua wiki nne hadi sita kujaa. Kwenye maji baridi ni zaidi. Washa filta tangi likiwa tupu, dondosha chakula kidogo kila siku. Ukipata kipande cha sponji chakavu kutoka tangi la mtu ambalo samaki wake ni wazima, utaokoa muda mwingi.

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini itoke. Sponji isuuze kwenye maji uliyotoa tangini, kamwe si bombani, utaua bakteria wote. Kila wiki badilisha robo ya maji.

FundiKioo
Mwambie fundi wako atumie silikoni (gundi ya vioo) isiyo na dawa ya ukungu. Ile ya bafuni inaua samaki. Kioo milimita 6, akaushe siku kadhaa, alijaze nje kwanza kujaribu. Likijaa na changarawe linakaribia kilo 70, stendi ya TV hailiwezi.

UyoleMpole
Asanteni sana. Umeme ukikatika usiku kucha?

NjombeBaridi
Blanketi kuzunguka tangi, pampu ndogo ya betri, na usiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Betri ikiisha, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara.

KyelaKwetu
Basi nikija nakuletea mawe ya ziwani ya kupamba.

MamaKihesa
Mawe yachemshwe, na konokono wabaki hukohuko, kuna wanaobeba kichocho.

UyoleMpole
Nimeelewa. Gapi madume sita, mwezi wa tisa.

NjombeBaridi
Weka watatu kwanza, wengine baada ya wiki mbili.