16/44.1, 24/96 au DSD64 kwa albamu ya pop yenye blues?

SautiSafi: Wakuu, albamu yenyewe ni pop ya taratibu: gitaa la blues, besi nene, ngoma chache. Ipo kwa CD (16/44.1, yaani biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde), FLAC (faili isiyopoteza sauti) ya 24/96 na DSD64 (sampuli za biti moja, kwa kasi mara 64 ya CD). DAC (kifaa kinachogeuza faili kuwa mawimbi ya sauti) inasoma zote, hedifoni ni za waya. Nichukue ipi?

NyuziSita: 24/96, mradi masta yake (toleo la mwisho la studio linalotolewa nakala) si ileile ya CD. Hapo ndipo penye tofauti kubwa, si kwenye biti. CD nyingi za miaka ya 2000 zilibanwa ili zipige kwa nguvu: kilele cha ngoma ya snea kinanyolewa, na noti iliyoguswa kidogo inapandishwa hadi ilingane na iliyovutwa kwa hasira. Blues yote iko kwenye tofauti hiyo! Masta iliyobanwa, hata uiweke kwenye biti 24, imebanwa tu.

MpimaMawimbi: Kweli kabisa. Biti 16 zinatoa takriban desibeli 96, na 44.1 kHz inafika 22.05 kHz, juu ya uwezo wa sikio. Kabla ya kuiamini 24/96, ifungue kwenye Spek, programu inayochora masafa ya sauti. Ikikatika wima karibu na 22 kHz, huenda ni CD iliyopandishwa. Angalia penye matoazi, si penye gitaa pekee. Spika ya ampu ya gitaa huanza kushuka kwenye 5 kHz hivi.

DSD64 ningeiacha. Inakula MB 42 kwa dakika (24/96 ni 34.6 kabla ya FLAC kupunguza ukubwa wa faili), na ukitaka ekwalaiza lazima igeuzwe PCM, mfumo wa CD na FLAC.

SautiSafi: Na kwa Bluetooth?

NyuziSita: Hapana. LDAC, kodeki ya Bluetooth ya ubora wa juu, inaishia 990 kbps, CD pekee ni 1,411. Tumia waya. Kwenye Windows chagua WASAPI ya exclusive (njia inayopeleka sauti moja kwa moja kwa DAC), la sivyo mfumo unabadilisha sampuli kimyakimya.

MpimaMawimbi: Ukilinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza kwa ReplayGain (kipimo kinacholinganisha sauti ya faili), faili iliyozidi hata desibeli 1 huonekana bora bure. Kisha tumia ABX (jaribio la kutambua faili bila kujua ipi inapigwa) ya programu ya muziki foobar2000, majaribio 16. Chini ya 12 sahihi, huenda unabahatisha. Chagua sekunde 10 zenye mwangwi unaofifia baada ya kodi (chord) ya mwisho, au snea inayoguswa kwa ncha ya fimbo.

Ukitaka kupima fomati peke yake, si masta, usichukue CD. Shusha hiyohiyo 24/96 hadi 16/44.1, ukiwasha ditha (kelele ndogo inayoficha makosa ya kupunguza biti).