Tupeane uzoefu: ashoka za nyumbani, raha na karaha zake

Wakuu habari za wikiendi. Nimehamia kwangu huku Chanika, fensi imeisha, sasa waifu anataka ashoka, ile miti iliyosimama kama mishumaa, ipangwe ukutani maana jirani wa nyuma kashusha ghorofa anatuona mpaka jikoni. Mlio nazo, mnapanda umbali gani na zinasumbua nini?

Mdau wa Tanga: Mkuu mwachie mama apande. Za kwangu zina mita moja na kitu toka mti hadi mti, zikikua zinashonana zenyewe. Ila ukutani usizibananishe, acha nafasi ya kupita na fagio, kwa sababu huu mti haupukutishi kwa msimu kama mkungu, wenyewe unadondosha kidogo kidogo mwaka mzima halafu yale majani marefu yanalala kwenye gata, kila vuli ikikaribia napandisha kijana na ngazi.

Mdau wa Dodoma: Huku adui ni mchwa na jua. Mche ukiwa mdogo mwagia maji bila kukosa, mimi natoboa dumu natega pale shinani linadondosha taratibu. Na majani machanga yakitoka rangi ya shaba, malaini yananing'inia, msikimbilie duka la dawa, ndivyo yalivyo, yatageuka kijani.

Mdau wa Mombasa: Hamjasema popo! Zikizaa vile vitunda vyeusi popo wanakesha hapo, asubuhi gari limejaa kokwa na uchafu. Mazuri yake ni kwamba zile kokwa ukiziatika zingali mbichi zinaota, ukiziweka zikauke umekwisha, hazioti. Lakini angalieni mti mama jamani, kuna ashoka ya mnara matawi yamelala kuelekea chini na kuna ile inayotanua kama mti wa kivuli wa kawaida, muuzaji wa miche atakwambia zote moja tu.

Mdau wa Arusha: Naongezea, angalia nyaya za umeme zinapita wapi kabla hujachimba shimo. Jirani yangu zilimfikia nyaya akakata vichwa, kila mti ukachipua vichwa vinne vitano kwa pamoja, ule unyoofu wote kwisha, sasa ana vichaka virefu na vile vichwa vipya navyo vinarudi kwenye nyaya, kila mara anatafuta mtu wa kupanda kukata.