Ujerumani: euro 992 kwa mwezi zinamtosha mwanafunzi?

Wadau, mdogo wangu anaanza masomo Ujerumani Oktoba. Akaunti maalumu ya viza imewekwa euro 11,904, itamtolea 992 kila mwezi. Zinatosha? Na kazi anaruhusiwa kiasi gani?

—

Mkuu, inategemea mji. Munich chumba pekee kinaweza kumla zaidi ya nusu. Leipzig au Chemnitz atapumua. Aombe hosteli ya Studentenwerk (shirika la huduma za wanafunzi) mapema, foleni ni ndefu. Kinachowaumiza wengi ni mwezi wa kwanza: dhamana ya chumba yaweza kufika kodi ya miezi mitatu (bila gharama za joto na maji), na hiyo 992 haitolewi kwa mkupuo. Aende na akiba ya pembeni.

—

Kazi: siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Nusu siku ni kazi isiyozidi saa nne kwa siku. Kazi ya usaidizi chuoni haihesabiwi humo, kwa hiyo aanzie huko. Minijob (kazi ndogo yenye kikomo cha kipato) mwaka 2026 mwisho ni euro 603 kwa mwezi; kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa, yaani kama saa 43. Asisaini mkataba wa kujiajiri bila kibali cha ofisi ya wageni, hata kazi ikiitwa "ndogo tu".

—

Nyongeza: ada ya redio na televisheni, 18.36 kwa mwezi, ni ya nyumba nzima. Wakiishi watatu, wagawane.