Hwange: kuongeza mitambo ya makaa ya mawe ni sawa?

Wakuu, kila kikitajwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Hwange kule Zimbabwe watu wanagawanyika, kuna wanaotaka makaa ya mawe yafungwe leo leo na kuna wanaosema Ulaya walichoma mpaka wakatajirika kwa hiyo sasa ni zamu yetu. Hawa wa pili nawaelewa kabisa. Novemba 2022 maji ya Kariba, bwawa la umeme ambalo Zimbabwe inachangia na Zambia, yalishuka mpaka Zimbabwe ikaambiwa isimamishe uzalishaji upande wake, na mgao ukawa mkali sana, mtu aliyekaa gizani namna hiyo huwezi kumwambia habari za hali ya hewa akakusikiliza.

Ila tuangalie kilichofanyika. Mitambo 6 ya zamani ya Hwange ni megawati 920 kwenye karatasi, wa kwanza uliwashwa 1983, na kwa miaka mingi hata nusu ya hizo ni shida kufikia. Leo mrija wa boila, pale maji yanapochemshwa yawe mvuke wa kuzungusha mtambo, umepasuka, inabidi wazime, wasubiri upoe, mafundi waingie ndani wachomelee, wakiwasha unavuja sehemu nyingine. Hilo halijaisha wakajenga mitambo namba 7 na 8, megawati 600, kama dola bilioni 1.5, kwa mkopo wa China. Zilipoingia kwenye gridi 2023 zilisaidia, sikatai hata kidogo, lakini ya zamani ikaendelea kuharibika vilevile na umeme wa nje bado unanunuliwa.

Halafu hii hoja kwamba makaa yanatuokoa na ukame siikubali. Maji ya boila na ya kupozea mitambo ya Hwange yanavutwa kwa pampu kutoka Zambezi, mto uleule unaojaza Kariba! Na majivu je, yale yana zebaki na arseniki, yanarundikwa pale pale, upepo ukivuma vumbi linaenda kwa watu, gharama hiyo mbona haionekani kwenye bei ya uniti?

Msimamo wangu, pesa inayofuata isiende kwenye mtambo mpya wa makaa. Irekebishwe ile ya zamani inayorekebishika, nyingine iende kwenye sola, mchana tutumie jua maji ya Kariba yabaki kwa ajili ya usiku.

Wanaounga mkono upanuzi nijibuni hili: namba 7 na 8 zikianza nazo kupasuka mirija na mkopo bado unalipwa, pesa ya matengenezo itatoka wapi?